Namna ya Kuipima Ngano ya Katuni

Zima sauti kwanza. Dakika tano zinatosha. Tazama mtoto anavyompokea mgeni, mkubwa amekaa wapi, nani anamkazia nani macho. Katuni inaweza kulitamka neno "heshima" mara kumi. Magoti na mikono ya wahusika ndiyo itakayokuambia kama waliochora wanaijua jamii wanayoisimulia.

Katuni ninayoiweka mbele ya zote ni Kirikou et la Sorcière ya mwaka 1998. Michel Ocelot, aliyeitengeneza, ni Mfaransa aliyekulia kwa miaka kadhaa Guinea, na muziki ni wa Youssou N'Dour wa Senegal. Kirikou anaongea angali tumboni, anajizaa, anajikata kitovu, kisha anauliza jambo ambalo wakubwa wamelizoea bila kulihoji: kwa nini mchawi Karaba ni mbaya? Anafukuzwa, anauliza tena. Jibu analipata kwa babu yake mlimani: wanaume walimchoma Karaba mwiba wa sumu mgongoni, na maumivu hayajamwachia hata siku moja. Kirikou anauchomoa kwa meno. Hakuna anayesimama kutoa mafunzo ya hadithi, lakini mtoto anayetazama ameshaelewa kuwa kuuliza si utovu wa adabu, kuwa mzee ni wa kuendewa, na kuwa ubaya una chanzo chake.

Wanawake wa kijiji cha Kirikou wako vifua wazi. Ocelot alitakiwa avifunike ili filamu iuzike nje, akakataa. Alifanya vyema kabisa. Kumfunika mama yake Kirikou ni kumwambia mtoto kwamba mama yule alikuwa na la kuonea aibu.

Halafu pima mwisho. Mwongozaji Isao Takahata alipotengeneza ngano ya Kijapani ya Binti Kaguya mwaka 2013, hakuulainisha: binti aliyeokotwa ndani ya mwanzi anarudishwa mwezini, na wazee waliomlea wanabaki wakilia. Nguva wa mwandishi Andersen wa Denmark, wa mwaka 1837, alimkosa mwana wa mfalme akageuka povu la bahari. Yule wa Disney wa mwaka 1989 aliolewa. Kuubadili mwisho si kosa. Ila tambua kwamba hapo husikii tena Denmark; unasikia Marekani, inayoamini kwamba mwenye kutaka kwa moyo wote hupata.

Kwetu, katuni ya Tinga Tinga Tales ilitengenezwa Nairobi kwa mtindo wa uchoraji ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, aliyechora kwa rangi za baiskeli. Madoadoa yale na macho yale makubwa hayahitaji maelezo. Ni ya hapa.

Lakini kipimo kigumu zaidi kwetu ni Sungura. Sungura wa bibi zetu hushinda kwa uongo, na watoto hushangilia, kwa sababu mnyonge hana silaha nyingine ila akili. Katuni inayompigisha magoti Sungura aombe radhi mbele ya Simba imeshaligeuza somo: imehamia upande wa mwenye nguvu. Hiyo usiihesabu kuwa ngano yetu, hata ikichorwa vizuri namna gani.

Mzazi, kaa na mwanao mpaka filamu iishe, kisha nyamaza. Bibi akisema "paukwa" alingoja "pakawa". Mtoto akianza kukuuliza maswali, filamu hiyo ni nzuri. Mwekee tena kesho.