Nunda na Bata Asiyekuwapo

Kiumbe wa kubuni hazaliwi na ujinga wa mtunzi. Huzaliwa na ujuzi wake. Ushahidi tunao katika hadithi ya Sultani Majnuni, aliyoikusanya Edward Steere hapa Unguja na kuichapa mwaka 1870. Paka wa sultani aliachiwa akala kuku, akala mifugo, mwisho akala watu, akawa Nunda. Mtoto wa mwisho alipotoka kumwinda, kila mnyama aliyemwua alimpelekea mamaye, naye mama kila mara alimwambia kuwa huyo siye: si punda milia, si twiga, si kifaru, wala si tembo.

Ufundi wa hadithi hii umo katika ukanusho huo. Msimulizi hakuhitaji kumchora Nunda kwa maneno mengi. Aliwapanga wanyama tunaowajua, akawakataa mmoja mmoja, na kila aliyekataliwa alimzidishia ukubwa yule asiyeonekana.

Lakini Nunda ni mnyama wa nchi kavu. Tuseme mshairi wa leo anataka kumbuni bata wa majini, makazi yake pale Ruvu inapomwaga maji baharini, kaskazini ya Bagamoyo. Lugha imekwisha kumtangulia. Bata bukini amebeba katika jina lake bahari nzima hadi Bukini, kisiwa cha Madagaska. Na bata mzinga si bata asilani, ila Waswahili wamempa ubata kwa hiari yao. Kubuni bata, basi, si jambo geni kwetu.

Shida ipo kwingine. Aghalabu tungo za siku hizi humtaja ndege kwa neno “ndege” tu, na mti wa pwani kwa neno “mti”. Bata atakayebuniwa hivyo hatakuwa na pa kutua. Yampasa mtunzi ajue kwanza kwamba kiumbe wake si mwari, si mnandi, si heroe wala korongo. Ajue kama hulala kwenye mkoko au kwenye mchu. Kama hula tope likiachwa wazi na bamvua, na hushinda na njaa siku za maji mafu. Akiyajua hayo, mistari miwili itamtosha. Asipoyajua, beti mia hazitamwokoa.

Wapo watakaosema kuwa ndoto haifungwi na kamusi. Ni kweli, ila majina haya hayatoki katika kamusi. Yamo vinywani mwa wavuvi na wachimba chumvi, na mengine huzikwa pamoja na wenyewe. Mama wa hadithi aliweza kusema “siye” kwa sababu aliwajua wote waliopita mbele yake. Siku mtoto wa pwani atakapomletea mamaye heroe, na mama asijue kumwita, hapo hadithi itakuwa imekwisha, na Nunda hatapatikana.