Mbaraka Mwinshehe na tarehe zilizopotea

Kila Januari naletewa Mbaraka Mwinshehe kwenye simu. Picha ni ileile, kijana na gitaa lake, na chini yake maneno yaleyale: gwiji, Soloist National, ajali ya Mombasa mwaka 1979, umri miaka 34, pengo halijazibika. Halafu inafuata orodha ya nyimbo. Mimi pia huwa naituma kwa wengine, sijifanyi mjanja. Ila mwaka huu nimeitazama ile orodha nikaona kinachonikera siku zote. Haina hata tarehe moja ya wimbo.

Sisi tuliozaliwa baada yake tulimpata kwa njia ya kaseti. Mfululizo ule wa Ukumbusho ndio uliomwingiza majumbani mwetu, na kaseti za kudurufu za stendi zikamalizia kazi. Tunashukuru, maana bila hizo tusingekuwa na kitu. Lakini kaseti ya stendi haina adabu ya miaka. Wimbo wa Morogoro Jazz unafuatwa na wa Super Volcano, kijana wa miaka ishirini na kitu anapokezana na mtu mzima wa thelathini na ushee, na msikilizaji anadhani vyote vilitungwa jioni moja. Tukampa jina la zilipendwa, tukamweka huko, nje ya wakati. Mwandishi wa riwaya hatumfanyii hivyo. Hakuna anayemsoma Kezilahabi bila kuuliza kitabu kilitoka kabla au baada ya kipi.

Hebu turudishe tarehe chache tuone kinatokea nini.

Mbaraka alizaliwa 1944. Aliingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, kwenye mji ambao tayari ulikuwa na mfalme wake: Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki Novemba 1965, naye kwa ajali ya gari. Kwa hiyo kijana anaanza kazi mji ukiwa na msiba wa mwanamuziki. Mwaka 1967 linakuja Azimio la Arusha. Mwaka 1970 Morogoro Jazz wanakwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70, na safari inazaa wimbo. Mwaka 1973 anaondoka na kuanzisha Super Volcano. Miaka sita baadaye amekufa. Yaani kazi yote tunayoiimba hadi leo iliingia kwenye miaka kama kumi na minne hivi, na ndiyo hiyohiyo nchi ilipokuwa ikipinduliwa juu chini.

Sasa uchukue wimbo wa “Dr. Kleruu”. Kwenye kaseti ni wimbo wa huzuni tu, sauti nzuri, gitaa zuri, unapita. Ukiupa tarehe haupiti. Dk. Wilbert Kleruu alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Iringa. Siku ya Krismasi 1971 alimfuata mkulima Saidi Mwamwindi shambani kwake, Isimani, wakagombana, Mwamwindi akampiga risasi. Kisha akaupakia mwili kwenye gari la marehemu mwenyewe, akaendesha hadi polisi kujisalimisha. Alihukumiwa kunyongwa. Ugomvi ulikuwa wa ardhi na ujamaa: nani alime wapi, na kwa amri ya nani.

Morogoro Jazz wakamwimbia aliyeuawa. Jina la wimbo ni la mkubwa. Simlaumu Mbaraka kwa kuomboleza, mtu alikuwa ameuawa na nchi ilishtuka kweli. Isitoshe, bendi ya wakati ule ilirekodi Redio Tanzania, hakukuwa na mlango mwingine hapa nchini, na santuri zilichapwa Nairobi. Ukitaka kusikika unapita mlango huo, na mlango ulikuwa na mwenyewe. Lakini mhakiki hawezi kuishia kwenye pole. Swali la kifasihi ni jepesi na linauma: katika kisa chenye watu wawili, nani anapewa wimbo?

Naliuliza hivi kwa sababu ya nilikokulia. Mimi ni mtu wa Berega, kwetu Ukaguru, kando ya barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, penye misheni na hospitali. Mama alikuwa mtu wa kwaya, na muziki wa dansi kwake ulikuwa nyimbo za dunia. Baba alikuwa na redio ya betri. Betri zikichoka tulizianika juani kama mahindi. Mbaraka akianza, mama alitoka kwenda jikoni. Hakuzima. Alitoka tu, na jikoni penyewe palikuwa hatua nne, anasikia kila neno.

Baba alikuwa mmoja wa waliohamishwa. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 kila mtu wa vijijini awe kwenye kijiji, na operesheni ikapita. Baba alikuwa na shamba na nyumba mlimani. Aliibomoa nyumba mwenyewe akabeba miti yake. Alisimulia hilo mara mbili maishani, na mara zote kwa kifupi.

Sasa mpe mtu kama huyo wimbo wa kumlilia Kleruu, autie sikioni mwaka 1972, halafu ausikie tena 1975 yeye mwenyewe akiwa ameshuka mlimani. Maneno ni yaleyale, noti ni zilezile. Wimbo umebadilika. Ndiyo maana nasema orodha bila tarehe inamwibia Mbaraka. Inamfanya mtu mpole aliyeimba mapenzi na huzuni, wakati alikuwa mtu aliyesimama katikati ya mambo mazito, mara nyingine upande ambao mimi nisingesimama.

Na hapo ndipo “Shida” inapozidi kuwa kubwa kwangu. Huu ni wa Super Volcano, Mbaraka wa mwisho mwisho. Angalia kichwa tu: neno moja, halina mwenyewe. Hakuna daktari, hakuna mkuu wa mkoa. Yeyote anaweza kuingia humo na mzigo wake. Sitaki kusema kwamba alijutia wimbo wa kwanza, sina haki hiyo. Nasema kwamba kati ya wimbo wenye jina la mkubwa na wimbo wenye jina la kila mtu kuna safari, na safari haionekani kama hujui upi ulitangulia.

Kwenye ufundi pia alikuwa amefika mbali. Maneno yakiisha, gitaa linabaki. Wengi wanaliita hilo eneo la kuchezea, na kweli watu walicheza. Mimi nalisikia kama mtu aliyeishiwa maneno lakini hajamaliza. Linarudia kipande kilekile, linakigeuza kidogo, linakirudia tena, kama mzee msibani anayesema “ndiyo hivyo, ndiyo hivyo”. Ukimweka kwenye karatasi peke yake, bila gitaa, Mbaraka anapungua nusu, na labda ndiyo maana walimu wetu wa ushairi hawakumgusa. (Na “Jogoo la Shamba”? Nusu ya methali imeachwa mlangoni uimalizie mwenyewe. Kanga wanafanya hivyo na tunawaita washairi.)

Mwaka juzi nilikwenda nyumbani. Baba amezeeka, redio amerithi mjukuu, nikampigia “Dr. Kleruu” kwenye simu.

“Huu unaukumbuka, baba?”

“Naukumbuka. Ulitoka sisi bado tuko juu.”

Juu, yaani mlimani. Alisikiliza hadi gitaa lilipoanza peke yake, akachezesha kidole kwenye mkongojo. Ulipoisha nikamuuliza aliupenda wakati ule?

“Gitaa nililipenda,” akasema. “Weka ule mwingine, mama yako asikie.”

Mama alikuwa jikoni.