Ufundi wa Kupima Presha

Mtafiti wa afya anayepita nyumba kwa nyumba akifika Milimani, Nakuru, hukutana kwanza na geti, halafu mbwa, halafu askari anayetaka kujua ametumwa na nani. Kule mtaa wa Kaptembwo huenda akasogezewa stuli kabla hajamaliza kujieleza. Ukimpa uhuru wa kujichagulia, atajaza fomu zake zote Kaptembwo na arudi nyumbani mapema. Fundi wa kweli hasongi mbele kabla geti halijafunguliwa.

Kazi ya namna hiyo ilifanyika hapa mwaka 2007 na 2008. Daktari wa macho Wanjiku Mathenge na wenzake walikuwa wakichunguza macho ya watu wa wilaya ya Nakuru wenye miaka 50 kwenda juu, nao wakapima presha na sukari papo hapo. Makundi 100, mjini na vijijini, kila kundi watu 50. Waliochunguzwa macho walikuwa 4,414.

Kumpata mtu wa miaka 50 ni kazi kwanza. Kuna wazee wasiojua mwaka waliozaliwa, kwa hiyo muulizaji huanzia mbali: Hali ya Hatari ilipotangazwa 1952, ulikuwa umeshaanza kuchunga mbuzi? Mlitahiriwa na rika lipi? Jibu huja polepole, likiambatana na habari za shamba lililouzwa, na lazima asikilize yote.

Halafu presha yenyewe. Watu hudhani mashine ndiyo inayopima. Tazama mikono ya mpimaji mzuri. "Shosho, kaa uegemee, miguu chini, usiikunje." Anasubiri dakika tano, na dakika tano za kimya kati ya watu wawili wasiojuana si mchezo. Anakunja sweta mpaka juu ya kiwiko. Sweta ikibana mkono, anaomba ivuliwe. Anachagua mkanda unaolingana na mkono, kwani mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba bure. Mkono anauweka juu ya meza, usawa wa moyo. Shosho akianza kuulizia bei ya mahindi, anainua kidole kwa heshima, kwa sababu maongezi nayo hupandisha. Kisha anarudia, na kurudia tena.

Namba zenyewe humsema mpimaji mvivu: kwenye mashine ya kusoma kwa macho, presha zake nyingi huishia na sifuri. Mia na arobaini, mia na thelathini, kana kwamba damu ya watu inajua kukadiria.

Kwa uvumilivu huo ikajulikana kwamba karibu nusu ya wazee hao walikuwa na presha ya juu. Unene na sukari vilizidi mjini, lakini presha haikuwaachia watu wa mashambani. Yeyote aliyekuwa akiiita ugonjwa wa matajiri wa Milimani ilibidi atafute jina lingine.

Watafiti walirudi kuwatafuta watu walewale 2013, baada ya vurugu za uchaguzi za 2008 kuwang'oa wengi katika eneo hili. Karibu nusu ndio waliopatikana. Hapo ufundi hudai kila asiyeonekana aandikwe na sababu yake: amefariki, amehama, amekataa. "Hayuko" si sababu. Jioni unabisha tena.