Roboti Amekataa au Roboti Imekataa? Upatanisho wa Kisarufi na Swali la Utu katika Tamthilia ya R.U.R. ya Karel Čapek

Tamthilia ya R.U.R. ya mwandishi wa Kicheki Karel Čapek, iliyochapishwa mwaka 1920 na kuigizwa katika Jumba la Taifa la Maonyesho mjini Prague mnamo Januari 1921, hutajwa mara nyingi kwa jambo moja tu: ndiyo iliyoupa ulimwengu neno roboti. Ikishatajwa hivyo huwekwa kando na kuchukuliwa kuwa chimbuko la hadithi zote za mashine zinazoasi. Uhakiki huu unaupinga usomaji huo. Unadai kwamba kiini cha R.U.R. ni kazi, na hasa namna jamii inavyomwondoa mfanyakazi katika hesabu ya watu kabla ya kumtumikisha. Hoja hiyo itajengwa kwa kuuliza swali ambalo mfasiri yeyote wa Kiswahili atakutana nalo tangu ukurasa wa kwanza: je, aandike roboti amekataa, au roboti imekataa? (Makala haya yanatumia upatanisho wa A-WA kote. Sababu itaonekana.)

Ni vyema kuanza na neno lenyewe. Kwa maelezo ya Čapek mwenyewe, alilipata kwa ndugu yake Josef, aliyekuwa mchoraji. Linatokana na robota, yaani kazi ambayo mkulima katika ardhi ya Bohemia alilazimika kumfanyia bwana wake bila ujira, desturi iliyofutwa mwaka 1848. Kiswahili kina neno la maana hiyo hiyo, ingawa vijana wengi hawalijui tena: shokoa. Kama neno lingefasiriwa badala ya kutoholewa, mhusika huyu angeitwa mtu wa shokoa, na pengine upotoshaji mwingi ungeepukwa. Roboti wa Čapek si wa bati wala nyaya. Wameundwa kwa dutu hai iliyogunduliwa na mzee Rossum. Wana ngozi, mishipa na ini, wanafanana na watu, na maisha yao ni ya takriban miaka 20. Mwaka 1935 mwandishi aliandika kulalamikia taswira ya watu wa chuma iliyokuwa imelivaa neno lake. Hakusikilizwa, na kwa kweli hajasikilizwa hadi leo.

Katika Kicheki, nomino za kiume hugawika kati ya zenye uhai na zisizo na uhai, na mgawanyo huo hudhihirika katika wingi. Čapek aliandika roboti, wingi wa wenye uhai. Wacheki wa sasa wakizungumzia mitambo ya kiwandani au ya jikoni wanaweza kusema roboty, wingi wa vitu. (Kwamba umbo la wingi la Kicheki limeangukia kuwa sawa na umoja wa Kiswahili ni sadfa tu, lakini ni sadfa ya kupendeza.) Uamuzi alioufanya Čapek katika kichwa cha tamthilia, mfasiri wa Kiswahili ataufanya katika kila kitenzi, kila kivumishi na kila kiwakilishi. Kiswahili hakimwachii msemaji nafasi ya kutojibu. Sungura wa ngano hula, husema na hudanganya kwa kiambishi cha a-. Kiziwi na kiongozi, licha ya ki- yao, huchukua a- pia. Upande wa pili, lugha hiyo hiyo humruhusu msemaji mwenye dharau kumshusha binadamu kamili hadi KI-VI: kijitu kile kimekuja tena. Utu wa kisarufi hutolewa, na huweza kunyang'anywa.

Mfano mzuri kuliko yote ni neno kibarua. Asili yake ni barua ndogo, yaani kile cheti alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili kuhesabiwa siku zake. Baadaye jina la cheti likamhamia mwenye kukishika. Mtu akaitwa kwa jina la karatasi. Hata hivyo wasemaji hawakukubali kwamba mtu huyo ni karatasi: husemwa kibarua amefika, si kibarua kimefika, isipokuwa inapozungumziwa kazi yenyewe. Ndani ya neno hili dogo imo safari nzima ya R.U.R., na yeyote anayetaka kuielewa tamthilia hiyo kwa Kiswahili angefaa kuanzia hapo.

Safari hiyo inaanza katika utangulizi wa tamthilia. Helena Glory anafika kisiwani kwa niaba ya shirika linalotetea roboti. Mkurugenzi, Harry Domin, anamtambulisha kwa Sulla, na Helena hakubali kwamba Sulla ni roboti. Anamwona msichana kama yeye. Domin anapendekeza Sulla akapasuliwe ili mgeni ajionee mwili ulivyo ndani. Kwa Domin, pendekezo hilo halina ukatili wowote, kwa kuwa anazungumza kwa I-ZI. Muda mfupi baadaye wanaingia wakuu wa kiwanda, akina Fabry, Gall, Hallemeier, Alquist na Busman, na Helena anawaonea huruma na kuwachochea, akidhani hao sasa ndio roboti. Hadhira hucheka. Hata hivyo kicheko hicho kina sumu, kwani kimethibitisha kwamba macho hayawezi kutofautisha. Kinachotofautisha ni daftari la kiwanda: nani ameandikwa kama mali na nani kama mwajiri.

Katika sehemu hiyo hiyo kuna jambo ambalo wahakiki wengi hulipita haraka. Hallemeier anaeleza kwamba mara kwa mara roboti hupatwa na kitu kama kifafa: hutupa alichoshika, husimama kimya na kusaga meno, kisha hupelekwa kwenye kinu cha kusagia. Kwa wenye kiwanda hiyo ni hitilafu ya utengenezaji. Helena anaona humo dalili ya roho. Lakini yapo maelezo ya tatu ambayo hakuna mhusika anayeyatamka, nayo ndiyo ya karibu zaidi: mfanyakazi amegoma. Historia ya kazi za kulazimishwa imejaa migomo iliyoandikwa katika madaftari ya mabwana kama uvivu au ugonjwa. Naye Dakta Gall anafanya majaribio ya kuwapa roboti maumivu, kwa sababu ya kiuchumi tu: asiyesikia maumivu huvunja mkono wake, na mkono ni gharama. Hivyo hisia ya kwanza ya kiutu wanayokusudiwa kupewa ni ile inayolinda mtaji. Ni kejeli kali, na Čapek ameiacha ipite bila kuipigia ngoma.

Uasi unapotokea, roboti wanawaua watu wote isipokuwa Alquist, mjenzi. Wanamwacha kwa sababu anafanya kazi kwa mikono yake kama wao. Tendo hili huvunja kabisa usomaji wa mtu dhidi ya mashine. Mpaka ambao roboti wanauchora si wa nyama na dutu bandia, bali ni wa anayefanya kazi na asiyefanya. Hapa mtu anakumbuka kichwa cha riwaya ya Katama Mkangi, Walenisi (1995), ambacho kikitenganishwa husomeka wale ni sisi. Katika riwaya hiyo Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anatiwa ndani ya chombo cha angani na kufaulu kukiongoza hadi kwenye jamii yenye haki. Kwa Mkangi, mtambo wa kuua huwa njia ya kutokea pale mhukumiwa anapoushika usukani. Čapek hana usukani wa namna hiyo. Roboti wake wakishashinda wanaendelea kuzalisha bidhaa ambazo hakuna wa kuzitumia.

Haina maana kwamba tamthilia haina kasoro. Iliyo kubwa ni jinsi ilivyomtwisha Helena mzigo. Yeye ndiye anayemshawishi Gall awabadilishe roboti, na ndiye anayeichoma miswada ya Rossum, hata siri ya kuwaunda ikapotea. Wanawake wa dunia nzima wameacha kuzaa, na Alquist ndiye anayelifafanua jambo hilo kana kwamba matumbo ni sehemu nyingine ya kiwanda iliyofungwa kwa kukosa kazi. Hakuna mwanamke anayepewa nafasi ya kulisema mwenyewe. Mwisho nao ni dhaifu. Primus na roboti aitwaye Helena kila mmoja anajitolea kupasuliwa badala ya mwenzake, na Alquist anawaachia waende kama Adamu na Hawa wapya. Tendo la kujitolea lina uzito na linaakisi vyema lile pendekezo la kumpasua Sulla. Lakini kwamba viumbe wasio na uzazi watakuwa wazazi kwa nguvu ya mapenzi ni muujiza ulioletwa ili pazia lifungwe.

Nadharia za baadaye hazijaondoa tatizo hili. Clynes na Kline walipounda neno saibogi mwaka 1960 walimfikiria mwanaanga ambaye mwili wake umeunganishwa na vifaa ili uhimili anga. Donna Haraway, katika insha yake ya mwaka 1985, alilifanya neno hilo kuwa ishara ya kufutika kwa mipaka kati ya kiumbe na mashine, akaona humo nafasi ya ukombozi. Msomaji wa R.U.R. anaweza kukubali kwamba mipaka inafutika na bado akauliza inafutwa kwa faida ya nani.

Swali hilo si la kinadharia tu. Mnamo Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi nchini Kenya walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili na udhalilishaji, ili programu ya akili unde ijifunze kuyaepuka. Baadhi yao walieleza majeraha ya nafsi yaliyowabakia. Mtumiaji wa programu hiyo haoni mikono yao. Anaona mashine iliyostaarabika, na humwambia mwenzake kwamba imenijibu vizuri. Kiambishi i- hapo ni sahihi kwa programu. Kilichomezwa ndani yake ni kitenzi cha A-WA: wamesoma, wamechambua, wameumia. Mfasiri atakayeileta R.U.R. katika Kiswahili atalikuta jambo hili katika maneno ya kwanza ya Domin kuhusu Sulla, na atalazimika kuamua kama i- ya mkurugenzi ibaki midomoni mwake peke yake, au ienee hadi katika maelekezo ya jukwaani, ambako sauti inayosikika si ya Domin tena.