Walioziba Ufa na Kujenga Ukuta

Katika fani nyingi, sifa huenda kwa aliyeanza. Aliyeweka jiwe la msingi hukumbukwa kwa jina, na anayeitwa baadaye kuokoa kazi iliyoharibika huambiwa ahsante kisha akasahaulika, kana kwamba kutengeneza ni kazi ya daraja la pili. Mimi nashikilia kwamba kujenga upya kitu kilichoshindwa hadharani ni ufundi mgumu kuliko kuanzisha, kwa sababu mjenzi wa pili huanza kazi akiwa na deni la imani ambalo hakulikopa yeye. Shahidi wangu ni Final Fantasy XIV, mchezo wa mtandaoni wa kampuni ya Square Enix ya Japani. Humo maelfu ya watu huingia kwa pamoja katika nchi ya kubuni iitwayo Eorzea, kila mmoja na mhusika wake, wakapambana na majoka, wakafua vyuma, wakavua samaki na kuuziana bidhaa. Mchezo huo ulizinduliwa mwaka 2010 ukaanguka vibaya. Ulizinduliwa tena mwaka 2013, na hadi leo unachezwa duniani kote.

Toleo la kwanza lilitoka tarehe 30 Septemba 2010. Kwa macho lilipendeza, na muziki wake ulitungwa na Nobuo Uematsu, mtunzi aliyeupa mfululizo wa Final Fantasy sauti yake tangu mwanzo. Lakini kulicheza ilikuwa adha. Mchezaji alibofya menyu akangoja kwanza seva ijibu. Alitembea masafa marefu akakutana na vilima na mapito yale yale, yamenakiliwa na kubandikwa. Sokoni hakuwa na njia ya kutafuta bidhaa kwa jina, ikambidi apite kwa watumishi wa wauzaji, mmoja baada ya mwingine, akipekua mizigo yao. Kuna chungu cha maua kilichopata umaarufu kwa kueleza kosa lote kwa mkato: pambo tupu la pembeni, ambalo watu hulipita bila kulitazama, lilichongwa kwa poligoni 1,000 na mistari 150 ya msimbo wa kulipaka mwanga na rangi, sawasawa na mhusika mzima wa mchezaji. Kompyuta inayomaliza nguvu kwenye vyungu haibakiwi na nguvu ya kuonyesha umati, na mchezo wa aina hii bila umati hauna maana. Waliouunda hawakuwa wavivu. Walitoa jasho jingi mahali pasipostahili, na kosa la namna hiyo ni gumu kuliona ukiwa ndani yake.

Desemba 2010, Square Enix iliubadilisha uongozi wa mchezo na kumkabidhi Naoki Yoshida, akawa mtayarishaji na mkurugenzi kwa pamoja. Ada ya mwezi ilikuwa imesimamishwa, na toleo la PlayStation 3 likaahirishwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, wakimaanisha kwamba mtu hufika kwenye moja kati ya hayo mawili. Yoshida na wenzake waliyabeba yote mawili kwa wakati mmoja: waliendelea kuukarabati mchezo wa zamani huku pembeni wakijenga mwingine kuanzia injini yake. Kwa hesabu ya duka, kukarabati jengo ambalo tayari limepangiwa kubomolewa ni hasara. Kwa hesabu ya imani, ndiyo kazi iliyookoa kila kitu. Wachezaji waliobaki waliona mfumo wa mapigano ukinyooshwa mwaka 2011, wakapewa kazi za kishujaa za jadi ya Final Fantasy mwaka 2012, na katikati ya hayo Yoshida akawaandikia barua mara kwa mara kuwaeleza nini kinabadilika na kwa nini. Waliolipa ada iliporejeshwa katika kipindi kile kigumu hawakusahaulika. Walipunguziwa ada, wahusika wao wakachorwa chale ya kumbukumbu, na majina yao yakaandikwa katika orodha ya shukrani ya mchezo mpya.

Ustadi mkubwa zaidi ulionekana katika namna ya kufunga. Kampuni ingeweza kuzima seva kimyakimya na kutoa mchezo mpya kana kwamba wa kwanza haukuwahi kuwapo. Badala yake, waandishi wake waliufanya mwisho wenyewe kuwa hadithi. Dalamud, mwezi mdogo mwekundu, ulianza kukua angani, na kila mchezaji aliyeinua macho aliuona ukikaribia. Usiku wa mwisho, Novemba 2012, wanyama wakali walivamia miji huku wachezaji wakiilinda, kisha seva zikazimwa. Filamu iliyofuata ilionyesha Dalamud ukipasuka, joka Bahamut likitoka ndani na kuichoma nchi, na mzee Louisoix akitumia pumzi zake za mwisho kuwavusha mashujaa kwenda wakati mwingine. Toleo jipya, A Realm Reborn, lililozinduliwa rasmi tarehe 27 Agosti 2013, linaanza miaka 5 baada ya maafa hayo. Ardhi ina makovu, na watu wanawataja mashujaa ambao hakuna tena anayekumbuka sura zao. Hata asiyewahi kugusa toleo la 2010 anatembea juu ya historia yake. Aibu ya kampuni imegeuzwa kuwa msiba wa nchi nzima, na msiba unaosimuliwa hauhitaji kufichwa.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni suala la pesa: kampuni kubwa ilikuwa na mfuko wa kulipia kosa lake. Pesa ilihitajika, sikatai. Lakini Anthem ya BioWare, studio iliyo chini ya Electronic Arts, nayo ilivunja mioyo ya wachezaji mwaka 2019. Mpango wa kuijenga upya ulianza, na Februari 2021 ukasitishwa. Mfuko ulikuwapo. Kwa upande mwingine, No Man's Sky ilitoka mwaka 2016 ikalaumiwa vikali, na Hello Games, studio ndogo ya Uingereza, ikaifufua kwa miaka ya nyongeza za bure. Pesa hununua muda. Subira ya kuutumia muda huo vizuri haiuzwi.

Pingamizi zito zaidi ni hili: je, kuisifu hadithi hii si kuwapa wafanyabiashara ruhusa ya kuuza kitu kibovu leo na kuahidi kukirekebisha kesho? Waliotoa fedha zao mwaka 2010 walidhulumika, na ufanisi wa 2013 haukuwarudishia jioni walizopoteza. Jibu alilitoa Yoshida mwenyewe mwaka 2014, alipowahutubia waundaji wa michezo huko San Francisco. Miongoni mwa sababu za anguko alizozitaja ni imani kwamba kasoro yoyote inaweza kutibiwa baadaye kwa masasisho. Kwa hiyo anayeuchukua mfano huu kuwa kibali cha kulipua kazi amejifunza ugonjwa na kuiacha dawa. Somo hilo halikuishia kwenye maneno. Desemba 2021, upanuzi wa Endwalker ulipojaza seva hadi watu wakapanga foleni kwa saa nyingi, kampuni ilisimamisha mauzo ya mchezo wake na kuwaongezea waliokwisha kulipia siku za bure. Kukataa mteja mpya ili uliyemuahidi jana apate nafasi ni tabia ya fundi aliyewahi kuonja aibu na akaelewa ilitoka wapi.

Tusiwanyime haki yao waliotangulia: nchi ya Eorzea, watu wake na nyimbo nyingi za Uematsu zilivuka salama kutoka toleo la kwanza. Hata hivyo, kuanzisha kulileta mchezo uliofungwa baada ya miaka 2 hivi, na kujenga upya kumeleta mchezo uliodumu zaidi ya miaka 10. Tunapotoa tuzo, tunapoandika historia za teknolojia na tunapowafundisha vijana wetu uundaji wa programu, tuwape nafasi ya mbele wale waliokabidhiwa magofu wakakubali kuyaita ya kwao.