Swali Moja kwa Mlima Mzima

Kusini mwa mji wa Kasese, Uganda magharibi, jirani na Kikorongo, Ikweta hukatana na longitudo ya 30 mashariki. Wasafiri husimama kwenye alama ya Ikweta, wakapiga picha, wakaondoka. Kwa fundi anayechora ramani za hatari ya maporomoko na mafuriko, hapo ndipo kazi inapoanzia. Data za mwinuko zilizopimwa kwa rada kutoka chombo cha anga Endeavour, Februari 2000, zimegawanywa katika mafaili ya digrii moja kwa digrii moja, na manne kati yake yanagusana pembe papo hapo. Mji wa Kasese umo katika faili moja, Bwera katika la pili, ziwa la chumvi la Katwe katika la tatu, na Katunguru yenye daraja la Mfereji wa Kazinga katika la nne. Hata kanda za UTM, ambazo wapimaji huzitumia kuhesabu kwa mita, hubadilika kwenye longitudo hiyohiyo: magharibi kanda ya 35, mashariki ya 36.

Basi fundi huunganisha kwanza mafaili manne kuwa gridi moja. Kila faili lina pikseli karibu milioni 13, na kila pikseli hubeba namba moja tu, yaani urefu wa mahali hapo kutoka usawa wa bahari. Pikseli moja hufunika kipande cha ardhi chenye upande wa mita 30 hivi. Kilele cha Margherita katika milima ya Rwenzori kimo, kwenye mita 5,109, na Ziwa George limo, chini ya mita 1,000. Kisha fundi hufungua kikokotoo cha rasta, yaani cha gridi kama hiyo, na kuandika sentensi fupi: kama mteremko unazidi digrii 25, weka 1, la sivyo, weka 0. Programu huipitia safu ya Rwenzori yote, kipande kwa kipande, bila kuruka hata kimoja. Ni ufundi ninaouheshimu sana, kwa sababu sentensi ni fupi kiasi hicho na kila neno ndani yake linaweza kuharibu ramani nzima.

Tazama hilo neno mteremko. Namba za faili ni za urefu, kwa hiyo mteremko lazima ukokotolewe kwanza. Urefu umeandikwa kwa mita, lakini umbali kati ya pikseli umeandikwa kwa digrii. Asiyelijua hilo hupata wilaya ya Kasese ambayo karibu kila mahali ni genge la digrii 90, hata tambarare za pamba. Tiba ya kawaida ni kuhamishia gridi yote kwenye kanda moja ya UTM. Lakini Kasese ina bahati yake: kwenye Ikweta, digrii moja ya longitudo na digrii moja ya latitudo zina urefu karibu sawa, takriban kilomita 111. Fundi anaweza kuipa programu kipimo cha mita 111,120 kwa digrii na kupata mteremko unaoaminika. Huko Ulaya hesabu hiyo hiyo ingepotosha.

Baada ya hapo masharti huanza kuungana. Kwa kuwa kweli ni 1 na uongo ni 0, kuzidisha masharti mawili ni kusema yote mawili yatimie, na kujumlisha ni kutafuta penye angalau moja. Mpangilio nao una uzito. Ukitaka madaraja matatu ya hatari, anza na mteremko unaozidi digrii 35, kisha 25, kisha 15. Ukianza na 15, kila kilichozidi 15 kinapewa jibu la kwanza, na daraja la juu halitaonekana popote kwenye ramani.

Mafuriko yanadai swali jingine kabisa. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020, uliporomosha majabali kupitia bonde la Kilembe, na hospitali ya Kilembe ikaathirika mara zote mbili. Mwaka huo wa 2020 mito Mubuku, Nyamughasana na Lhubiriha nayo ilivunja kingo, huu wa mwisho ukiwa ndio mpaka wa Uganda na Kongo pale Mpondwe, karibu na Bwera. Mwinuko kutoka baharini haumsaidii mtu wa Kilembe, maana yeye yuko juu sana kuliko mtu wa Kasese mjini na bado maji yanamfikia. Swali lenye maana ni hili: pikseli hii iko juu ya mto wake ulio karibu kwa mita ngapi? Fundi hutengeneza kwanza tabaka la namba hizo, halafu ndipo huweka sharti.

Na kuna pikseli zisizo na jibu. Katika mabonde yenye kuta kali rada haikufika kila mahali, na matoleo ya mwanzo ya data hizo yaliandika -32,768 palipokosa kipimo. Uliza tu ni wapi pako chini ya mita 1,000, na pengo lililo jirani na theluji litajibu ndiyo kwa haraka, likapakwa rangi ya uwanda wa ziwa. Fundi makini huitangaza namba hiyo kuwa hakuna data kabla ya kuuliza chochote, na kwenye ramani huiacha wazi. Sifuri inasema tulipima, hatari hatukuiona. Pikseli tupu inasema hatukupima, na mtu anayejenga nyumba anastahili kujua tofauti hiyo.

Kinachobaki ni kikomo chenyewe. Kwa nini digrii 25 na si 22? Programu hailijui hilo. Mwenye digrii 24.9 anaambiwa yuko salama, na jirani yake, shamba linalofuata, anaambiwa ahame. Maporomoko ya Kasika, katika Rukoki, yaliua watu Septemba 2022. Kikomo kizuri huchaguliwa kwa kulinganisha ramani na mahali kama hapo palipokwisha kuporomoka, na kwa kuwauliza wakulima wa kahawa wa Kikonzo wanaoijua miteremko yao kwa miguu.

Ukiletewa ramani ya hatari ya Kasese au ya Bwera, tafuta sharti lake kabla ya kutazama rangi. Kama halikuandikwa pembeni, irudishe liandikwe, kwa namba na kwa lugha ambayo mwenyekiti wa kijiji ataisomea watu wake.