Kuingia, Kuokoka na Kuhamia: Uhakiki wa Masimulizi ya Kubadili Dini Katika Ituri

1. Utangulizi

Ushuhuda ni utanzu wa fasihi simulizi ambao bado haujapata nafasi unayostahili katika uhakiki wetu. Tumeandika mengi juu ya ngano, methali, majigambo na tenzi. Lakini masimulizi wanayoyatoa waumini wa Bunia, Mahagi au Boga mbele ya wenzao kanisani, wakieleza walikuwa nani kabla ya kuamini na wamekuwa nani baadaye, tumeyaachia wachungaji na wanatheolojia. Makala haya yanakusudia kuyatazama masimulizi hayo kwa jicho la mhakiki wa lugha. Hoja yetu kuu ni moja: Kiswahili kina vitenzi kadhaa vya kueleza badiliko la dini, na utanzu wa ushuhuda umekikweza kimoja, kuokoka, hata ukakifunika kingine, kuhamia, ambacho ndicho kinachoweza kubeba sehemu kubwa ya historia ya Ituri.

2. Vitenzi na nafsi ya mwamini

Kitenzi kuingia huichukulia dini kama nyumba. Mtu huingia dini, na mtenda ni yeye mwenyewe. Pwani, maneno kusilimu na kuritadi humweka mtu ndani au nje ya nyumba hiyo moja, bila kueleza mengi juu ya njia aliyoipita.

Kuokoka ni kauli ya kutendeka, kutokana na kuokoa. Aliyeokoka hakujiokoa, wala sarufi haimlazimishi msemaji kumtaja aliyemwokoa. Hali imetokea na imekamilika. Ndiyo maana aghalabu kitenzi hiki huambatana na kiambishi -me-: nimeokoka. Ni kitenzi cha tukio moja, na mara nyingi msimulizi huweza kulitajia siku na saa. Kuongoka kina umbo hilo hilo, ingawa kimebaki na wazo la njia iliyonyoka.

Kuhamia ni kauli ya kutendea ya kuhama. Kuhama hutazama mtu alikotoka, na kuhamia hutazama aendako. Anayehamia mahali hubeba mizigo: vyombo vingine huviacha, vingine huvichukua, na huko aendako huvitumia kwa namna mpya. Kitenzi hiki hakidai kwamba yote ya zamani yamekwisha.

Msamiati wenyewe wa imani ni ushahidi wa jambo hili. Kiswahili kilifika Ituri katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pembe za ndovu na wafuasi wao wa Manyema. H. M. Stanley aliwakuta watu wa Kilonga-Longa huko Ipoto mwaka 1887. Jina Kingwana, ambalo Kiswahili cha huko kiliitwa kwa miaka mingi, linatokana na waungwana hao. Lugha waliyoileta ilikuwa tayari na maneno dini, imani, dhambi, toba, malaika na shetani, yote kutoka Kiarabu. Wamisionari wa Kikristo walipoichukua kwa mahubiri na tafsiri, waliichukua pamoja na mizigo yake. Mkristo wa Bunia anapokiri dhambi na kutubu, hutumia maneno yaliyokwisha kuzoezwa na sala za Waislamu. Lugha ilihamia dini mpya kabla ya wengi wa wasemaji wake.

3. Mfano wa Apolo Kivebulaya

Hakuna mhusika aliyesimuliwa zaidi katika Ukristo wa Ituri kuliko Apolo Kivebulaya, Mganda aliyebatizwa mwaka 1895, akafika Boga mwaka 1896, akapewa upadri mwaka 1903 na kufariki huko huko Boga tarehe 30 Mei 1933. Kitabu cha A. B. Lloyd cha mwaka 1923, Apolo of the Pygmy Forest, kinamweka shujaa wake msituni tangu kwenye jalada. Katika wasifu wa namna hii msitu ni giza, mhubiri ni taa, na badiliko la imani ni kutoka gizani kwenda nuruni. Huo ndio muundo wa kuokoka ulionyooshwa ukawa kitabu kizima.

Lakini maisha yenyewe ya Apolo hayakai vizuri ndani ya muundo huo. Alizaliwa yapata mwaka 1864 katika familia iliyofuata dini ya jadi. Katika vita vya dini vya Buganda vilivyoanza mwaka 1888 alikuwa kwanza upande wa Waislamu, kisha akahamia upande wa Waprotestanti. Alibatizwa baada ya vita, si katikati yake. Hata jina Kivebulaya, ambalo kwa Kiganda hudokeza kitu kitokacho Ulaya, lilitokana na koti jekundu la kijeshi alilolivaa juu ya kanzu. Koti halikuiondoa kanzu, na mtu yule yule alivivaa vyote viwili. Emma Wild-Wood, katika kitabu chake cha mwaka 2020 juu ya Apolo, amemrudisha katika mtandao wa njia, watawala na dini za Maziwa Makuu. Kwa maoni yetu, huko ndiko anakoeleweka.

4. Mpaka, mgodi na sheria

Mpaka kati ya Uganda ya Waingereza na Kongo ya Wabelgiji ulipowekwa rasmi katika miaka ya 1910, Boga ilibaki upande wa Kongo. Waanglikana wake waliendelea kusali kwa Kinyoro-Kitooro. Africa Inland Mission, iliyoingia kaskazini-mashariki ya Kongo mwaka 1912, ilikuwa na maeneo yake, nao Wakatoliki walikuwa na misioni zao. Kwa desturi ya misioni za Kiprotestanti kugawana maeneo, mtu aliweza kuwa wa kanisa fulani kwa sababu tu kijiji chake kilikuwa upande ule wa mto.

Mgodi na mji vilivuruga mgawanyo huo. Dhahabu iligunduliwa karibu na Kilo mwaka 1903, na kazi ya migodi iliwakusanya watu wa lugha nyingi mahali pamoja. Bunia nayo ikakua. Aliyefika mjini hakukuta daima kanisa la kwao. Alilazimika kuchagua: kanisa la jirani, la mke, la shule ya watoto, au la lugha anayoielewa.

Serikali nayo ilitia mkono. Sheria ya mwisho wa mwaka 1971 iliyaweka makanisa ya Kiprotestanti chini ya mwavuli mmoja wa Eglise du Christ au Zaïre, na kila jumuiya ikapewa namba. Ndiyo maana watu wa Bunia husema CECA 20 kana kwamba namba ni sehemu ya imani. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yalipigwa marufuku katika hati za serikali. Aliyebatizwa Petro aliendelea kuwa Petro kanisani, huku kitambulisho kikimtaja kwa jina jingine. Ni kitenzi gani cha ushuhuda kinachoweza kueleza hali hiyo?

5. Pingamizi na uzito wa jambo

Msomaji anaweza kupinga kwamba tunaifanya imani kuwa suala la barabara na kodi ya nyumba tu. Pingamizi hili lina haki yake. Wild-Wood, katika kitabu chake cha awali, Migration and Christian Identity in Congo (2008), alionyesha kwa kina jinsi uhamaji ulivyoambatana na kubadilika kwa utambulisho wa Kikristo miongoni mwa Waanglikana wa eneo hili. Mtu akiisoma hoja hiyo kwa haraka, huenda akadhani kwamba aliyehama hakuamini, alifuata njia tu. Huko ni kukosea kwa upande wa pili. Walokole, ambao jina lao limetoka Kiganda, nao walikuwa na la kusema: kwamba mtu aliyekwisha kubatizwa na kuandikwa katika daftari la kanisa bado anaweza kuhitaji kubadilika. Walitenganisha uanachama na imani, na walifanya vyema. Kuokoka ni neno la lazima. Kasoro ni kulifanya neno pekee.

Uzito wa jambo hili ulionekana wakati wa vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003. Septemba 2002 hospitali ya Nyankunde ilishambuliwa, na Mei 2003 mapigano yaliingia katikati ya Bunia. Watu walikimbilia Beni, Uganda na kambini, wakasali walipopata mahali. Tena, kwa kuwa makanisa kadhaa yalianzia katika eneo la kabila moja, jina la kanisa liliweza kusomwa kama jina la kabila, na usomaji wa namna hiyo ungeweza kumgharimu mtu uhai wake. Ushuhuda wa kuokoka humpa mwamini kinga fulani: mimi wa zamani amekufa, wala kabila si jibu la mimi ni nani. Hata hivyo, kinga hiyo hununuliwa kwa kuifuta safari yote, pamoja na majirani wa dini nyingine waliompokea njiani. Anayesema nilihamia, na huko nikaamini, huikana hukumu ya kabila bila kuikana historia yake.

6. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kila kitenzi cha kubadili dini kina nadharia yake juu ya mtu. Kuingia humfanya mtenda, kuokoka humfanya mpokeaji, na kuhamia humfanya msafiri mwenye mizigo. Uhakiki wa ushuhuda hauna budi kuvisoma vyote vitatu kwa pamoja. Bunia ina Chuo Kikuu cha Shalom na chuo kikuu cha Waanglikana, na wanafunzi wao wameyasikia masimulizi haya tangu utotoni. Kazi ya kwanza ni kuyarekodi kwa Kiswahili kile kile kinachosemwa, bila kuyasanifisha. Kazi ya pili ni kumwachia msimulizi aeleze pia sehemu ambayo ushuhuda umezoea kuiruka: alitoka wapi, alipita kwa nani, na alibeba nini.